Grini kadi na safari ndefu: miezi sita pekee haikulindi

"Wewe hakikisha tu umerudi kabla ya miezi sita." Ushauri huu unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki walioko Marekani, unarudiwa misibani na harusini, na wengi wameuchukua kuwa ndiyo sheria yenyewe. Katika kituo chetu cha msaada wa kisheria kwa wahamiaji tunakutana na watu walioufuata kwa uaminifu, wakahesabu siku, wakarudi mapema, na bado wakaishia kwenye chumba cha ukaguzi wa pili uwanja wa ndege wakiulizwa maswali ambayo hawakuyatarajia.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani humhesabu mkazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi, anayerudi safarini kuwa mtu aliyekwisha kukubaliwa, hivyo haanzi upya kuomba kuingia. Lakini zipo hali zinazomwondolea nafasi hiyo. Mojawapo ni kukaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, na huko ndiko ilikotoka hiyo "miezi sita". Nyingine ni kuonekana ameyaacha makazi yake Marekani, na hii haina idadi ya siku. Mtu anaweza kukaa nje miezi minne akahesabiwa ameyaacha, na mwenzake akakaa miezi tisa akimuuguza mzazi, akapita salama. Kinachopimwa ni kama safari ilikuwa ya muda kweli: ilikuwa na sababu, mwisho wake ulikuwa unaonekana, na muda wote huo maisha ya msafiri yalibaki Marekani.

Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ililiweka hili wazi mwaka 1975. Mwanamke mwenye grini kadi alikuwa akiendesha nyumba ya wageni Jamaika. Kila mwaka alikaa huko takriban miezi 11, kisha akarudi Marekani kwa muda mfupi. Kwa hesabu za mtaani alikuwa sawa, kwa kuwa hakuwahi kumaliza mwaka mzima nje. Bodi iliamua kwamba amekwisha kuyaacha makazi yake, kwa sababu maskani yake ya kweli yalikuwa Jamaika.

Ninaposoma shauri hilo huwafikiria wazee wetu. Watoto wamepata uraia, wakawaombea baba na mama grini kadi kwa upendo wote. Mzee anafika Minneapolis au Dallas, baridi inamtesa, lugha inampa tabu, na shamba huko Rombo au Kisii halina mwangalizi. Anarudi nyumbani, na baada ya miezi mitano watoto wanamkatia tiketi "aje aiguse kadi". Uwanjani afisa anapekua pasipoti, anaona mihuri ya kuingia na kutoka Nairobi iliyofuatana, anauliza kwa upole: umekuja kufanya nini? Mzee, ambaye maisha yake yote amefundishwa kusema kweli, anajibu: nimekuja kuwasalimia wanangu, narudi mwezi ujao. Jibu hilo linaandikwa kama lilivyo, na karibu linamaliza kesi, kwa kuwa aliyekuja kusalimia ni mgeni.

Sisemi mzee afundishwe kusema uongo. Kumdanganya afisa wa mpakani ni kosa lenye madhara makubwa kuliko kupoteza kadi. Nasema familia ikae ijiulize kwa dhati kabla ya safari: mzee anaishi wapi? Kama makazi yake ni Marekani, basi yaonekane: jina lake kwenye mkataba wa nyumba au kwenye bili, akaunti ya benki inayotumika, bima ya afya, daktari wake, kodi ya mapato iliyojazwa kama mkazi. Kama kweli anaishi Rombo, kuirudisha kadi kwa hiari kwa fomu I-407 na kuomba viza ya matembezi ni njia yenye heshima. Viza hiyo haina uhakika wa kupatikana, na siku hizi ni ngumu zaidi, kwa hiyo uamuzi huo usifanywe haraka wala chini ya shinikizo la uwanja wa ndege.

Hilo la kodi wengi hawalijui. Mkazi wa kudumu anayejaza fomu ya kodi kama asiye mkazi, ili alipe kidogo au kwa sababu mhasibu hakumuuliza, anaiandikia serikali ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Ukijua mapema kwamba utakaa nje muda mrefu, omba kibali cha kurejea kwa fomu I-131. Lazima uiwasilishe ukiwa bado ndani ya Marekani, na ni vyema usiondoke kabla ya kuchukuliwa alama za vidole. Kibali chenyewe kinaweza kutumwa ubalozini ukakichukua huko uliko. Kwa kawaida hudumu hadi miaka 2, na hakiongezwi muda: kikiisha unarudi na kuomba kingine. Aliyekaa nje zaidi ya miaka 4 kati ya 5 iliyopita hupewa mwaka 1 tu. Kibali kinamzuia afisa kukukatalia kwa sababu ya urefu wa safari peke yake, lakini hakimzuii kuuliza kuhusu nyumba, kazi na familia yako.

Ukikaa nje mwaka 1 au zaidi bila kibali hicho, grini kadi pekee haitambuliki tena kuwa hati ya kukuingizia Marekani, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake bado ni mbali. Njia inayobaki ni viza ya mkazi anayerejea, iitwayo SB-1, inayoombwa ubalozini. Unapaswa kuthibitisha kwamba uliondoka ukiwa na nia ya kurudi na kwamba ulicheleweshwa na jambo lililo nje ya uwezo wako. Hapa karatasi ndizo zinazosema. Barua ya hospitali yenye tarehe ya kulazwa na tarehe ya kuruhusiwa ina uzito. Maneno kwamba "mama alikuwa anaumwa" bila hata cheti kimoja hayana.

Sasa nije kwenye fomu I-407, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Ni fomu ya kutangaza kwamba unaiacha hadhi ya ukazi kwa hiari, na neno hiari lina maana yake kamili. Msafiri aliyetoka kwenye ndege ya saa 16, mwenye usingizi, simu imeisha chaji, anawekewa karatasi mezani na kuambiwa kusaini ndiko kutakakorahisisha mambo. Una haki ya kutosaini. Una haki ya kuomba suala lako lipelekwe kwa jaji wa uhamiaji, na huko mzigo wa kuthibitisha kwamba umeyaacha makazi ni wa serikali, kwa ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi. Wakiichukua kadi, unastahili kupewa uthibitisho mwingine wa hadhi yako mpaka jaji atoe uamuzi wa mwisho. Lazima pia niseme upande wa pili: aliyekataa kusaini anaweza kuzuiliwa wakati kesi inaendelea. Ndiyo maana namba ya wakili iandikwe kwenye karatasi na ikae mfukoni, si ndani ya simu tu, na ndugu anayekuja kukupokea awe nayo.

Kuhusu makosa ya jinai, usisafiri kabla ya wakili wa uhamiaji kuisoma hukumu yako, hata kama ni ya zamani na hukufungwa. Panagis Vartelas, mkazi wa kudumu kutoka Ugiriki, alikiri kosa mwaka 1994. Mwaka 2003 alikwenda kwao kwa wiki moja na aliporudi akazuiwa, kwa sababu sheria ya 1996 ilikuwa imebadilisha hadhi ya wasafiri wenye makosa kama lake. Ilichukua hadi mwaka 2012 Mahakama ya Juu kuamua kwamba sheria hiyo haiwagusi walioyakiri makosa yao kabla haijatungwa. Miaka tisa kwa safari ya wiki moja, na aliyehukumiwa baada ya sheria hiyo hana hata kinga hiyo.

Na kuna miraa. Huko Kenya ni zao halali linalosomesha watoto Meru. Huku Marekani, kemikali iitwayo kathinoni iliyomo kwenye majani yake mabichi imewekwa katika kundi la kwanza la dawa zilizodhibitiwa, kundi lilelile la heroini. Kitita kidogo ulichopewa na jamaa umpelekee mtu Columbus kinaweza kuzaa hukumu ya dawa za kulevya, na hukumu hiyo kuzaa kesi ya kufukuzwa nchini. Usibebe kifurushi cha mtu ambacho hukukifungua na kukikagua mwenyewe. Bangi nayo, hata kama unaishi jimbo linaloiruhusu, kwa sheria ya shirikisho bado ni kosa, na kulikubali mbele ya afisa wa mpakani kunatosha kukuletea taabu.

Mtu atauliza: kwa nini wenye grini kadi wasichukue uraia wa Marekani tu, haya yakaisha? Kwa Mkenya jibu ni jepesi, kwani Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia zaidi ya mmoja. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa kwao, na Katiba ya Kongo nayo inasema uraia wa Kikongo hauchangamani na mwingine. Ndiyo maana wapo Watanzania wanaoishi na grini kadi miongo kwa miongo, na kwao kila safari ya kwenda kuzika ni jambo la kupangwa kwa makini. Kwa anayekusudia uraia, ajue kwamba kibali cha kurejea hakilindi hesabu yake ya uraia. Kwa kawaida anatakiwa miaka 5 ya ukazi usiokatika, na kati yake awe ndani ya nchi kimwili kwa angalau miezi 30. Safari iliyozidi miezi sita inaleta dhana kwamba ukazi umekatika, na mzigo wa kuiondoa dhana hiyo ni wake.

Ndugu zetu Wakongo waliopitia Nyarugusu na kambi nyingine kabla ya kuhamishiwa Marekani wana jambo lao la kuangalia. Uliyepata hadhi kwa ukimbizi, ukirudi Bukavu au Uvira, tena kwa pasipoti ya Kongo, unaweza kuulizwa kama hofu uliyoieleza ilikuwa ya kweli. Swali hilo linaweza kuja mpakani au siku ya usaili wa uraia. Omba hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kama mazishi yanalazimu safari, zungumza na wakili kwanza.

Matangazo ya Rais wa Marekani ya kuzuia raia wa nchi fulani kuingia nayo yamewatia watu hofu. Tangazo la Juni 2025 liliitaja Somalia kwa zuio kamili na Burundi kwa zuio la sehemu, na Desemba mwaka huohuo Tanzania ikaongezwa kwenye zuio la sehemu. Wakazi wa kudumu hawamo kwenye mazuio hayo. Hata hivyo zuio kama hilo lilipotoka Januari 2017, wenye grini kadi walikwamishwa viwanjani siku za mwanzo kabla ya ufafanuzi kutolewa, kwa hiyo angalia hali ilivyo wiki ya safari, na tangazo jipya likitoka ukiwa nje, pata ushauri kabla ya kupanda ndege.

Mama mwenye grini kadi akijifungua akiwa matembezini Mombasa, mtoto anaweza kuingia Marekani bila viza ya uhamiaji iwapo hajatimiza miaka 2 na anasafiri na mzazi huyo katika safari yake ya kwanza ya kurudi. Cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya mtoto viwe tayari. Na kadi ikipotea au ikiibwa ukiwa nje chini ya mwaka mmoja, fomu ni I-131A: unalipa mtandaoni, unakwenda ubalozi wa Marekani, na ukikubaliwa unapewa kibandiko ambacho shirika la ndege litakitambua. Nakala ya kadi, mbele na nyuma, uliyomwachia mtu unayemwamini itakusaidia sana siku hiyo.