Maana ya posti-panki, kupitia wimbo wa dakika tisa wa Bauhaus

Posti-panki ni jina la muziki uliozuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, ukapigwa na vijana walioamshwa na panki lakini wasiokubali kubaki ndani yake. Kwa kuwa wengi wetu tuliijua panki kama mtindo wa kunyoa nywele kabla ya kuijua kama muziki, inafaa kuanzia hapo. Panki ya bendi za Sex Pistols na The Clash, ile ya 1976 na 1977, ilikuwa nyimbo za dakika mbili au tatu, gitaa la kelele, mwendo wa kasi na sauti yenye hasira, na iliwaambia vijana kwamba si lazima mtu awe bingwa wa ala ndipo apande jukwaani. Muda si mrefu, hata hivyo, bendi nyingi zikawa zinaigana. Sex Pistols walivunjika Januari 1978, na kufikia wakati huo waandishi wa muziki wa Uingereza walikuwa wamekwisha kutafuta jina la kitu kipya walichokuwa wakikisikia.

Kiambishi "posti" humaanisha baada ya, na ndiyo sababu watu wengi hulichukua neno hili kuwa jina la kipindi tu. Mimi naona maana hiyo ni finyu mno. Posti-panki ni namna ya kutengeneza muziki: kuushika uhuru wa panki, kuiacha haraka yake, kisha kuazima kutoka kwingine kokote kunakofaa, iwe fanki, muziki wa mashine za elektroniki au, zaidi ya vyote, rege ya Jamaika. Wimbo mmoja unalionyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote, nao ni "Bela Lugosi's Dead" wa Bauhaus.

Bauhaus walikuwa vijana wanne wa mji wa Northampton, waliojiita kwa jina la shule ya sanaa na usanifu iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1919. Peter Murphy aliimba, Daniel Ash alipiga gitaa, David J alishika besi, na mdogo wake, Kevin Haskins, alipiga ngoma. Tarehe 26 Januari 1979, wakiwa na wiki chache tu tangu waanze kupiga pamoja, waliingia Beck Studios, studio ndogo katika mji wa jirani wa Wellingborough, wakaupiga wimbo huo mara moja tu, wote kwa pamoja, na ukabaki vivyo hivyo. Lebo kadhaa, yaani kampuni za kutoa santuri, ziliukataa. Hatimaye ulichukuliwa na Small Wonder, duka la santuri la Walthamstow, London, lililokuwa na lebo yake, likautoa Agosti 1979 kwenye santuri ya inchi 12, kwa kuwa wimbo wa zaidi ya dakika tisa usingeenea vizuri kwenye santuri ndogo ya kawaida.

Usikilize kwa spika za masikioni, usiku kukiwa kimya. Unaanza na fimbo ikigonga ukingo wa ngoma ndogo, mapigo makavu yanayokaribia bosanova ya Brazili, na kila pigo hurudiwa na mwangwi, mara ya pili, ya tatu, ya nne, kila mara likififia zaidi. Besi inaingia kwa noti chache nzito zinazoshuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na ndiyo inayobeba wimbo, kazi ambayo kwenye panki ingefanywa na gitaa. Gitaa lenyewe linakwaruza, linalia kidogo, linanyamaza, kisha kile lilichokiacha kinazunguka hewani. Karibu dakika tatu zinapita kabla Murphy hajafungua kinywa. Katika muda huo bendi ya panki ingekuwa imekwisha kumaliza wimbo mzima.

Mwangwi ule asili yake ni Kingston, Jamaika. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, fundi wa redio aitwaye Osbourne Ruddock, ambaye ulimwengu unamfahamu kama King Tubby, alikuwa akichukua nyimbo za rege zilizokwisha kurekodiwa, anaondoa sehemu kubwa ya uimbaji, anaacha besi na ngoma, kisha anavirudisha vipande vya sauti kimoja kimoja kupitia mashine ya mwangwi. Muziki huo ndio dabu, na ndani yake nafasi tupu ina uzito sawa na noti. Ulifika Uingereza pamoja na wahamiaji wa Karibi. Katika klabu ya Roxy ya London, mwaka 1977, DJ Don Letts alikuwa akiwapigia vijana wa panki santuri za rege na dabu kwa sababu santuri za panki zenyewe zilikuwa bado chache mno. The Slits, bendi ya wasichana wa London, walimpa Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados na gwiji wa rege, kazi ya kusimamia albamu yao ya kwanza mwaka 1979. Kwa hiyo anayeieleza posti-panki kama muziki wa Wazungu wenye huzuni peke yao amewafuta mafundi waliowafundisha.

Maneno ya wimbo aliyatunga David J. Bela Lugosi alikuwa mwigizaji aliyezaliwa mwaka 1882 katika mji wa Lugos, wakati huo ukiwa Hungaria na leo ukiwa Romania, akapata umaarufu Marekani kwa kuigiza Dracula, mnyonya damu, katika filamu ya 1931. Alifariki mwaka 1956, akazikwa akiwa amevalishwa joho la Dracula. Wimbo unashikilia utata huo: mwigizaji amekufa, lakini Dracula aliyemwigiza hafi.

Ulipotoka haukuingia katika chati kuu ya Uingereza, ila John Peel aliupiga katika kipindi chake cha redio ya BBC na wasikilizaji wakaanza kuutafuta. Mwaka 1983 Tony Scott aliuweka mwanzoni mwa filamu yake The Hunger, Murphy mwenyewe akionekana akiimba nyuma ya wavu wa chuma. Kufikia hapo lilikuwa limekwisha kuzuka tawi zima la muziki, roki ya gothiki, lenye mavazi meusi, nyuso zilizopakwa poda nyeupe na klabu yake, Batcave ya Soho, na wengi huuhesabu wimbo huu kuwa ndio ulioanzisha tawi hilo. Katika tamasha la Coachella la 2005 Murphy aliuimba akiwa ananing'inia kichwa chini miguu juu, kama popo.

Taswira hiyo ya popo ndiyo iliyouficha ukoo wa wimbo. Mwaka 2018 rekodi zote tano za siku ile ya Wellingborough zilitolewa pamoja, na kati yake umo wimbo uitwao "Harry", ambao hauna kaburi wala mnyonya damu. Mapigo yake ni ya rege, waziwazi kabisa, yaliyopigwa na mikono ileile, katika chumba kilekile.