Ukosefu wa vitamini hauishii kwenye ngozi na uchovu

Watu wengi hapa Kampala huniambia: "Vitamini ni mambo ya watoto wenye utapiamlo. Mtu mzima anayeshiba hana shida." Si kweli, na ushahidi tunao kwa askari wetu wenyewe.

Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari 241 wa Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, kikosi cha Waganda na Warundi, walivimba miguu, wakahema kwa shida, mioyo ikawaenda mbio. Wanne walifariki. Angalau 52 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Baadhi yao upande wa kulia wa moyo ulikuwa umeshindwa kazi, na shinikizo la damu kwenye mapafu lilikuwa juu. Vipimo vya awali havikuonyesha maambukizi wala sumu.

Kilichokosekana ni vitamini B1, yaani tiamini. Waliougua zaidi ni waliokula chakula cha kikosi pekee. Hawakuwa na njaa! Bila tiamini mwili haugeuzi wanga kuwa nguvu; mishipa hulegea, moyo husukuma kupita kiasi hadi uchoke, maji yakajaa miguuni, hata mapafuni. Ugonjwa huo ni beriberi. Walipopewa tiamini walipata nafuu haraka mno.

Mchele mweupe uliokobolewa hupoteza sehemu kubwa ya tiamini. Maharage, njugu na nafaka zisizokobolewa zinayo. Pombe nyingi huzuia mwili kuifyonza, kwa hiyo mnywaji mwenye miguu iliyovimba na pumzi fupi apelekwe hospitali leo, asisubiri dawa za kienyeji.