Koch ni wengi: dhana potofu kuhusu jina moja la Kijerumani

Koch kwa Kijerumani ni mpishi. Wajerumani walipoanza kushika majina ya ukoo katika Zama za Kati, kila kasri na kila nyumba ya watawa ilikuwa na mpishi wake, na watoto wakaitwa kwa kazi ya baba. Wapishi hao hawakujuana. Ni kama kina Fundi wa Tanga na kina Fundi wa Kigoma: ukiwakuta kwenye orodha moja usidhani wana babu mmoja. Tatizo la jina hili ni kwamba wabebaji wake kadhaa wamevuma katika mambo yanayokaribiana, hasa tiba na taasisi za utafiti, na hapo ndipo sifa za mmoja huvishwa mwingine.

"Hutamkwa Kochi"

Inategemea unamsema nani. Kwa Kijerumani o ni fupi, na mwisho wake ni kh ile ile ya Khamis na kheri, kwa hiyo mtu wa Unguja au Lamu hulitamka vizuri kuliko Mwingereza. Marekani wamelivunja mara tatu. Ed Koch, meya wa New York kuanzia 1978 hadi 1989, alijiita Kotch, ch ikisikika kama ya chai. Ndugu Charles na David Koch, waliovuma kwa kampuni ya Koch Industries, hutamkwa sawasawa na Coke, ile soda. Mwanaanga Christina Koch, aliyekaa angani siku 328 mfululizo kati ya 2019 na 2020, hutamkwa Kuk, sauti ya neno la Kiingereza la mpishi. Kwa bahati tu, matamshi yake ndiyo yamerudi kwenye maana ya asili. Mtangazaji anayesoma majina hayo matatu kwa sauti moja atakosea mawili.

"Robert Koch aligundua vimelea vya TB akiwa Dar es Salaam"

Hapana. Daktari huyo Mjerumani alivitangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Dar es Salaam alifika miaka 15 baadaye, 1897, wakati Hospitali ya Ocean Road ilikuwa mpya kabisa. Alichofuatilia huku ni malaria, tauni na magonjwa ya mifugo.

Kuna jambo la rangi linalochanganya wanafunzi wa maabara. Katika vioo vya darubini vya Koch vya 1882 vimelea vilionekana vya buluu juu ya kahawia, kwa kuwa alitumia buluu ya methilini na kahawia ya vesuvini. Leo kwenye kipimo cha makohozi tunavitafuta vikiwa vyekundu juu ya buluu. Njia hiyo ni ya Ziehl na Neelsen, waliokuja baada yake. Kadhalika sahani ya Petri, ya kuoteshea bakteria, ni ya msaidizi wake, Julius Richard Petri, 1887, na wazo la kuotesha bakteria kwenye agari, jeli ya mwani, lilitoka kwa Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi katika maabara hiyo. Koch alikuwa hodari, lakini maabara yake ilikuwa na watu.

Alirudi Afrika Mashariki 1905, akaonyesha kwamba papasi huambukiza homa ya vipindi na kwamba vimelea hupita hadi kwenye mayai ya papasi mwenyewe. Hapo hakuwa peke yake wala wa kwanza: madaktari Ross na Milne walikwisha kumshuku papasi nchini Uganda 1904, na Dutton na Todd walilithibitisha Kongo mwaka huohuo wa 1905. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa kwenye visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akitibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilipungua kwenye damu, kisha vikarudi. Alipoongeza dozi, baadhi ya wagonjwa walipofuka moja kwa moja. Wanaoandika kwamba aliutokomeza ugonjwa wa malale Ssese wanaiacha nusu hiyo ya habari.

"BK ni ugonjwa mwingine, si TB"

Msomaji wa Bukavu, Goma au Bujumbura ataona kwenye karatasi ya zahanati herufi BK. Ni kifupi cha Kifaransa cha "basili ya Koch", yaani kimelea kilekile cha TB. Karatasi ya makohozi yenye "BK" na alama ya kujumlisha, ukivuka nayo mpaka kuja Kigoma, itasomwa kuwa TB chanya. Hakuna la ziada.

"Koch ndiye aliyeleta dawa ya kifua kikuu"

Alidhani ameileta. Mwaka 1890 alitangaza kitu cha kuzuia TB mwilini, akakataa kutaja kimetengenezwaje, na wagonjwa wakamiminika Berlin. Kilikuwa tuberkulini, maji yaliyochujwa kutoka kwenye vimelea vilivyooteshwa, yenye gliserini. Hakikuponya, wengine kiliwazidishia ugonjwa. Dawa ya kweli ya kwanza, streptomaisini, ilipatikana Marekani miaka ya 1940. Chanjo ya BCG nayo si yake: herufi C na G ni Calmette na Guérin, Wafaransa, na ilianza kutolewa kwa binadamu 1921.

Tuberkulini yenyewe haikutupwa. Iliyosafishwa ndiyo hutumika kupimia: mililita 0.1 huchomwa ndani ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, mpaka ngozi iinuke kijipele cheupe cha milimita 6 hadi 10. Kijipele kisipoinuka, sindano imezama mno na kipimo kirudiwe mahali pengine. Husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Kinachopimwa ni ugumu unaoshikika kwa kidole, kukata upana wa mkono, si wekundu. Kosa la kupima wekundu huweza kuwapa watu wasio na vimelea jibu la "chanya". Milimita 10 hutosha kuitwa chanya mahali TB ilipo nyingi, na 5 kwa anayeishi na VVU. Chanya kwa kawaida maana yake vimelea viliwahi kuingia mwilini, haimaanishi mtu anaumwa. Hasi nayo haimtoi mashaka mtoto mwenye utapiamlo mkali, kwa sababu mwili wake huenda hauna nguvu ya kujibu.

"Miili ya Koch ni vimelea vya TB kwenye ng'ombe"

Hii hutoka kwa waliosoma juujuu. Miili ya buluu ya Koch ni hatua moja ya Theileria parva, kimelea cha ndigana kali anayeletwa na kupe wa masikio. TB haihusiki kabisa. Na historia yake ina kichekesho: Koch alipowaona vimelea wadogo kwenye damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897 alidhani ni hatua changa ya ugonjwa mwingine, ule wa mkojo mwekundu. Ilibidi afike Bulawayo mwaka 1903, ng'ombe wakifa kwa wingi, ndipo akakiri kuwa huu ni ugonjwa wa peke yake na kuuita homa ya pwani ya Afrika.

Miili hiyo haitafutwi kwenye damu ya sikio kwanza, hutafutwa kwenye tezi. Mfunge ng'ombe imara, shika tezi iliyovimba chini ya sikio au mbele ya bega, ibane kwa vidole isiteleze, choma sindano ya geji 18 au 19, vuta, kisha toa sindano bila kuendelea kuvuta, maana ukiendelea utanyonya damu. Tone moja juu ya kioo, litandaze, likauke kwa hewa hadi liishe unyevu. Hapo ndipo uliloweke kwenye methanoli dakika tatu hadi tano, kisha rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa nusu saa hivi, suuza, kausha, na uangalie kwa lenzi ya mafuta ya 100. Unachotafuta kiko ndani ya chembe nyeupe: kipande cha buluu hafifu chenye nukta za zambarau iliyokoza.

Kinachoharibu kazi ni vitu vidogo. Kioo kilichotiwa methanoli kingali na unyevu huacha vishimo vinavyong'aa juu ya chembe. Giemsa ya zamani isiyochujwa humwaga punje zinazofanana na nukta unazozitafuta, ila punje hukaa juu ya kila kitu, hata mahali pasipo chembe. Ukizungusha skrubu ya darubini kidogo utaona haziko usawa mmoja na chembe. Chupa ya formalini iliyofunguliwa jirani hugeuza kioo kizima kuwa kijanikibichi. Na ukikuta vimelea kwenye chembe nyekundu tu, bila miili ya Koch kwenye tezi, usikimbilie dawa: ng'ombe aliyepona huweza kubeba hao muda mrefu bila kuumwa.

"Taasisi ya Koch ni moja"

Ziko angalau mbili kubwa. Taasisi ya Robert Koch ya Berlin ni chombo cha serikali ya Ujerumani cha kufuatilia magonjwa ya kuambukiza; ilifunguliwa 1891, ikapewa jina la Koch 1912, na majivu ya mwili wake yamehifadhiwa humo humo. Taasisi ya Koch ya chuo kikuu cha MIT, Massachusetts, ni ya utafiti wa saratani, na Koch wake ni David, tajiri wa Koch Industries, aliyetoa dola milioni 100 mwaka 2007. Mtanzania ana mtego wa ziada: Ocean Road alikofanyia kazi Robert sasa ni taasisi ya saratani. Ndiyo maana huonekana makala zinazomfanya Robert Koch mtafiti wa saratani. Hakuwa.

Fedha za David ndizo pia zilizobadilisha jina la ukumbi wa maonyesho ya dansi wa kituo cha sanaa cha Lincoln Center, New York, mwaka 2008. Daraja la Queensboro la mji huohuo, lililopewa jina la Koch mwaka 2011, ni la meya Ed. Mji mmoja, Koch wawili, matamshi mawili.

"Koch Industries ni kampuni ya Kijerumani"

Makao yake ni Wichita, Kansas, na mwanzo wake ni 1940, kazi ya mhandisi Fred Koch. Baba yake Fred alikuwa mhamiaji kutoka Workum, Uholanzi. Jina hili limevuka mpaka huo karne nyingi, hivyo kuliona hakutoshi kumwita mtu Mjerumani. Ed Koch naye alikuwa mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland. Ukitaka Koch wa Kijerumani kweli kwenye kiwanda, tazama Heckler & Koch ya Oberndorf am Neckar, iliyoanzishwa 1949, na Koch wake ni mhandisi Theodor. Bunduki ya G3 ambayo polisi wa Kenya wanaijua ni yao.

"Theluji ya Koch iligunduliwa na yule daktari"

Theluji hiyo ni umbo la hisabati lenye kingo kama za chembe ya theluji. Ni ya Helge von Koch, mwanahisabati wa Uswidi, mwaka 1904, na yeye alianza na mstari mmoja, si nyota kamili. Kuichora, chukua pembetatu ya pande sawa za sentimita 27. Gawa kila upande mara tatu, simamisha pembetatu ndogo kwa nje kwenye sehemu ya katikati, kisha futa kitako chake. Wengi husahau kufuta, na hapo hesabu yote inavurugika. Mzingo ulikuwa sm 81. Sasa pande ni 12 za sm 9, jumla 108. Rudia: pande 48 za sm 3, jumla 144. Rudia tena: 192 za sm 1, jumla 192. Mzingo utaongezeka kwa theluthi kila mara bila kikomo, lakini eneo halitavuka mara 1.6 ya lile la mwanzo. Tumia karatasi ya A3 au manila, kwa sababu nyota hufika sm 31 na A4 haitaipokea.

"Kila Koch ana Mjerumani ndani yake"

Cooch Behar, kaskazini mashariki mwa India, imeitwa kwa watu wa Koch waliokuwa na ufalme wao huko tangu karne ya 16. Koch Goma ni mahali pa Waacholi, wilaya ya Nwoya, Uganda. Nairobi, Koch ni kifupi cha mtaani cha Korogocho, na redio ya jamii ya Koch FM ilianzia hapo 2006. Wote watatu wana ch ya chai. Madaktari wa upasuaji nao waangalie tahajia: mfuko wa Kock, unaotengenezwa kwa utumbo mwembamba, ni wa Nils Kock wa Uswidi. Ukiutafuta kwa h kwenye faharasa ya kitabu utaletewa kifua kikuu.