Kasi ya treni haiharibu picha ya mlima

Wengi wanaamini kwamba treni ikikimbia, picha ya mlima lazima itoke imevurugika. Si kweli. Treni ya umeme ya Dar es Salaam–Dodoma hufikia kilomita 160 kwa saa. Kamera ikipiga picha kwa sekunde 1/1000, katika muda huo treni inasogea kama sentimita 4 na nusu tu. Kwa kichaka kilicho kando ya reli hizo ni nyingi, ndiyo maana huvutika kama mstari. Kwa safu ya milima ya Uluguru, kilomita kadhaa kutoka dirishani, si kitu. Adui halisi ni kioo: kinarudisha taa za behewa na shati lako jeupe! Vaa nguo nyeusi, sogeza lenzi karibu kabisa na kioo, ila usiiegemeze, maana mtetemo wa behewa hupitia hapo.