MOA ni nini, na doti ya bastola ya mashindano uchukue ya namba gani

Kwanza tuelewane, doti hapa sio doti ya khanga. Ni kile kitaa chekundu unachokiona ndani ya kioo kidogo kilichofungwa juu ya bastola, watu wa renji, yaani uwanja wa kupigia shabaha, wanaita redi doti au doti tu. Sasa ukianza kutafuta ya kununua utakuta kila moja imeandikwa 2 MOA, 3.25 MOA, 6 MOA, na hapo ndipo watu wanapopotea, manake mtu anaona namba, akili inamwambia ndogo ndio sahihi zaidi, analipa, halafu siku ya mashindano anaitafuta doti kwenye kioo kama mtu aliyedondosha sindano mchangani na saa inahesabu.

MOA ni kipimo cha pembe. Shuleni tuliambiwa duara lina digrii 360, ila pale walipofika kwamba digrii moja nayo inagawanywa mara 60 wengi tulikuwa tushasinzia. Kila kipande kati ya hivyo 60 kinaitwa dakika, dakika ya pembe, haihusiani na saa ya ukutani hata kidogo. MOA ni kifupi cha jina hilo kwa Kiingereza, minute of angle. Na kwa vile ni pembe, inapanuka kadiri unavyokwenda mbali, kama mwanga wa tochi ukutani, ukirudi nyuma duara linakuwa kubwa. MOA moja kwa mita 100 ni kama sentimita 2.9, upana wa kifuniko cha soda ya chupa. Mita 50 ni nusu yake, mita 25 ni milimita 7 na kitu, mita 10 ni milimita 3.

Kwa hiyo mtu akikwambia doti yake ni ya 6 MOA hajakwambia ukubwa wa kitu, amekwambia inafunika kiasi gani cha shabaha. Mita 25 inafunika sentimita 4.4, ndimu moja. Mita 10 haifiki hata sentimita 2. Machoni kwako doti iko vilevile muda wote, kinachosinyaa ni shabaha.

Halafu hiyo doti haitoki kwenda kokote, usichanganye na leza. Kuna kitaa cha LED kwa nyuma kinamulika kioo cha mbele, kioo kimepakwa kitu kinachorudisha rangi ile nyekundu tu na kuacha mwanga mwingine upite, na kimepinda kiasi kwamba miale inakurudia jichoni ikiwa imenyooka, ndio maana jicho linaiona kama iko kule kwenye shabaha. Faida yote iko hapo. Kwa kulenga kwa chuma una vitu vitatu, mwanya wa nyuma, nundu ya mbele na shabaha, na jicho linaweza kuona kimoja tu vizuri. Kwa doti unaangalia shabaha basi, na wale wenzangu waliovuka 40 ambao nundu ya mbele imeshaanza kuwa ukungu wanaelewa nazungumzia nini.

Wazo lenyewe la zamani, Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, alilisajili mwaka 1900. Doti ya betri imekuja na kampuni ya Aimpoint ya Sweden mwaka 1975, na kwenye bastola za mashindano mjadala uliisha mwaka 1990 pale Doug Koenig alipochukua ubingwa wa dunia wa IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kukimbia huku unapiga shabaha kwa saa, kule Adelaide, Australia, akiwa na doti juu ya bastola yake. Siku hizi kuna hadi madaraja ya bastola za kawaida zenye doti, Marekani USPSA, chama cha mchezo huohuo kule, walianzisha Carry Optics mwaka 2016, na IPSC wana Production Optics. Ila kama unachofanya ni bastola ya Olimpiki, ile ya upepo ya mita 10 kwa mfano, hela yako weka mfukoni, kule doti hairuhusiwi.

Haya, namba gani. Inategemea unapiga nini, na hapa watu wengi hawafanyi hesabu. Shabaha ya karatasi ya USPSA, lile eneo la A la katikati, lenye pointi nyingi zaidi, lina sentimita 15 kwa 28, na shabaha nyingi ziko kati ya mita 5 na 25. Doti ya 6 MOA kwa mita 25 inafunika sentimita 4.4 kati ya hizo 15. Imekuziba nini sasa? Hakuna. Na ukishuka hadi 2 MOA utafunika sentimita moja na nusu, hujaongeza pointi hata moja, ulichofanya ni kujipunguzia kitu cha kuona wakati bastola inaruka na wewe unakimbia kutoka shabaha hii kwenda ile. Ndio maana kwa mchezo wa mbio mimi nasema 5 au 6, na wenye bastola za Open, daraja linaloruhusu marekebisho mengi, wanakwenda 8 au zaidi, kampuni ya C-More wao wana hadi 16 na wala sio kichekesho.

Geuza sasa uende kwenye ule mchezo wa taratibu wa Wamarekani wanaouita bullseye, mkono mmoja, yadi 50. Pale duara la 10 lina upana wa sentimita 8 na nusu, na doti ya 6 MOA kwa umbali huo inafunika sentimita 8, yaani imelimeza lote. Hapo 2 au 3 ina maana. Ila hata huko kuna watu wanapenda kubwa, na sababu yao ni nzuri tu, doti ndogo inakuonyesha kila mtetemo wa mkono, unaanza kuifukuza, unavuta triga kwa pupa pale inapopita katikati na risasi inakwenda kwingine. Mkono unatetemeka kiasi kilekile kwa doti yoyote, ni vile kubwa haikusimangi.

Mwangaza nao unaharibu hesabu yote. Doti ya 2 ukiiwasha hadi mwisho inatawanyika, unaiona kama ya 6 yenye manyoya, wakati ya 6 ukiipunguza inakaa duara safi, kwa hiyo kubwa unaweza kuifanya iwe tulivu ila ndogo kuikuza ni kuichafua. Na ile doti inayojirekebisha mwangaza yenyewe usiiamini ukiwa umesimama kivulini unapiga shabaha iliyo juani, inapima mwanga wa pale ulipo wewe, inafifia, unabaki na kioo kitupu.

Kabla hujamlaumu muuzaji kwamba doti yako ina umbo la koma au la nyota, ipige picha na simu. Kama kwenye picha ni duara, tatizo ni jicho lako, ni astigmatizimu, na wanayo watu wengi bila kujua. Miwani inasaidia, na wengine wanaona doti ya kijani inatulia zaidi kuliko nyekundu, ingawa kijani mbele ya nyasi za masika inaweza kukupotea.

Kuna kitu kinachonikera. Watu wanabishana wiki nzima 2 au 3.25 halafu hawaulizi kioo kina upana gani. Weka doti mbili za Trijicon, RMR na SRO, pembeni kwa pembeni, kampuni moja, utaona kioo cha SRO kilivyo kikubwa, na doti ikianza kutoroka pembeni unaiona inakwenda wapi badala ya kuona imetoweka. Wala huhitaji kuikalisha katikati, hata ikiwa pembeni mwa kioo, kwa umbali wetu ilipo doti ndipo risasi inapokwenda, tofauti ni ndogo sana. Skrubu kaza kwa gundi yake, chora mstari wa rangi uone kama zimelegea, yamekwisha.

MOA utakutana nayo tena siku ya kurekebisha doti, kwa sababu kwenye doti nyingi klik moja, yaani mlio mmoja wa skrubu ya kurekebishia ukiizungusha, ni MOA moja. Umepiga tano kwa mita 25, zimejikusanya vizuri ila sentimita 5 kushoto. Usizungushe kwa kubahatisha. Milimita 50 gawa kwa 7 na kitu, unapata klik saba kwenda kulia, angalia kwenye kijitabu mshale wa doti yako unamaanisha risasi au doti, zungusha, piga tano nyingine.