Je, wajua kwa nini boti mbili za uvuvi za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei mara mbili?

Tuseme uko Texas na umefungua matangazo mawili ya boti. Zote ni za mwaka 2006, za faiba, urefu futi 20, na kila moja ina injini ya nguvu za farasi 200 nyuma. Moja inauzwa dola 9,000, ya pili 18,000. Picha hazikusaidii kitu. Boti za aina hii hupakwa rangi yenye chembechembe za kumetameta, mithili ya kucha za bibi harusi, na hata iliyooza ndani hupendeza ikimwagiwa maji na kupigwa picha jua la jioni.

Basi hizo dola 9,000 za tofauti zimekaa wapi?

Tuanze na chombo chenyewe. Ni boti iliyobuniwa kwa ajili ya samaki mmoja, besi mwenye kinywa kikubwa, ambaye Wakenya wanamjua kutoka Ziwa Naivasha alikopandikizwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Besi hupenda maji ya kina kifupi, kwenye magugu na visiki. Kwa hiyo boti yake ni pana na haina kimo, na sakafu imeinuliwa mbele na nyuma ili mvuvi arushe ndoana akiwa amesimama. Mbele kuna mota ndogo ya umeme ya kumnyatia samaki, nyuma injini kubwa ya petroli ya kukimbilia, na sakafuni tanki la maji la kumweka samaki hai, maana kwenye mashindano hupimwa uzito kisha akarudishwa ziwani. Mashindano ndiyo yaliyokuza injini. Mwandaaji wa mashindano ya besi, Ray Scott, alipoandaa yake ya kwanza kwenye Ziwa Beaver, Arkansas, mwaka 1967, walijitokeza wavuvi 106. Anayewahi kufika kwenye kona yenye samaki ndiye mwenye nafasi, basi farasi zikawa zinaongezeka miaka ikienda.

Zamani mnunuzi kwa kawaida alitafuta bodi, yaani boti tupu bila injini, huku, injini kule, trela kwingine. Mwaka 1978 Johnny Morris wa Bass Pro Shops, maduka ya vifaa vya uvuvi kule Missouri, akaanza kuuza Bass Tracker: boti, injini na trela kwa bei moja. Biashara ikashika. Mpaka leo tangazo la boti iliyotumika huandikwa vivyo hivyo, bei moja kwa vitu vitatu, na hapo ndipo wengi wanapoliwa. Injini huchakaa kwa kutumika, na kwa kulala pia. Bodi huchakaa kwa maji yanayopenya kimyakimya. Trela inaliwa na kutu na jua. Kila kimoja kina umri wake, lakini tangazo linakuandikia "2006" basi.

Cha bei kubwa kuliko vyote ni injini. Mpya ya farasi 200, peke yake bila boti, hupita dola 15,000. Ndiyo maana boti ya 18,000 yenye injini nzima inaweza kuwa rahisi kuliko ya 9,000 ambayo injini yake imebakiza msimu mmoja. Kwa hiyo mimi huanzia hapo, na huanza kabla sijatoka nyumbani: nampigia mwuzaji nikimwomba asiiwashe mpaka nifike. Nikifika, kabla ya salamu kuisha, kiganja kiko juu ya injini. Ikiwa ya moto, najiuliza ameiwasha asubuhi kwa shida gani ambayo hakutaka niione. Injini mbovu nyingi huwaka vizuri zikishapata joto. Ukweli hutoka ikiwa baridi.

Kisha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Fundi anafungua plagi zote, anafunga geji kwenye kila silinda, anazungusha injini kwa stata, anaandika namba. Usibabaishwe na ukubwa wa namba, kwa sababu kila aina ya injini ina yake. Angalia kama zinafanana. Silinda sita zikisoma 110, 108, 112, 110, 109 na 80, hiyo ya 80 ndiyo bei ya boti. Mafundi wengi hukubali tofauti ya hadi asilimia 10 hivi. Ikizidi hapo, huenda pete za pistoni zimeisha au silinda imekwaruzwa, na kulifungua dude hilo na kulijenga upya ni dola elfu kadhaa.

Kipimo ninachokipenda zaidi hakihitaji geji. Chini kabisa ya injini, karibu na propela, kuna giaboksi iliyojaa oili, na chini yake kuna skrubu ya kumwagia. Niliwahi kumsindikiza jamaa yangu kutazama boti iliyong'aa hasa, viti vimepakwa mafuta, skrini mbili kubwa. Tulimwomba mwenyewe ruhusa, tukailegeza skrubu ile nusu mzunguko, tukakinga kifuniko cha chupa ya maji. Oili nzima hutoka nyeusi au ya rangi ya asali, nzito, taratibu. Ile ilitangulia na matone mawili ya maji matupu, kisha ikafuata chai ya maziwa. Mwenyewe akasema ni unyevu wa hewa tu. Unyevu wa hewa hautoi matone. Maji yalikuwa yamepita kwenye sili, mipira inayozuia maji kuingia, na mara nyingi anayeziua ni uzi wa kuvulia: unajiviringisha kwenye shafti nyuma ya propela, unakata mpira wa sili, maji yanaingia, gia na beringi zinaanza kutu. Majira ya baridi yakikuta maji humo, yanaganda, yanatanuka, yanapasua nyumba nzima ya giaboksi. Jamaa yangu alifunga skrubu yake, tukaaga.

Na saa za injini? Injini za kisasa huhifadhi kumbukumbu kwenye kompyuta zake, na fundi mwenye kifaa anaweza kusoma imekimbia saa ngapi na kwa kasi gani. Watu huogopa saa nyingi. Mimi huogopa zaidi saa chache mno. Boti ya mwaka 2006 yenye saa 90 maana yake haikufika hata saa saba kwa mwaka. Muda uliobaki ilikuwa imelala chini ya turubai, petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ikivuta unyevu ndani ya tanki, ikiacha gundi kwenye njia za mafuta, mipira ikikauka. Kuna watakaobisha. Lakini injini ya saa 600 yenye risiti za oili, plagi na pampu ya maji iliyobadilishwa kila baada ya misimu michache, hiyo mimi nalala nayo usingizi.

Sasa bodi. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na hapa swali ni vimeundwa kwa nini. Boti nyingi za zamani za faiba zina mbao ndani: plaiwudi imefunikwa faiba ukutani pale nyuma injini inapofungwa, na mihimili ya mbao chini ya sakafu. Miaka ya 1990 na kuendelea viwanda vingi viliacha mbao kidogokidogo, lakini si vyote na si kwa wakati mmoja, basi mwaka wa boti peke yake hautoshi kukuambia. Plaiwudi ikiwa kavu haina neno. Shida ni matundu. Kila bolti ya injini, kila skrubu ya kihisio kilichoongezwa na mmiliki wa tatu bila kuzibwa vizuri, ni mlango wa maji, na maji yakiingia kwenye mbao iliyofungiwa faiba pande zote hayana pa kutokea. Mbao inaoza ikiwa imevaa nguo nzuri.

Utaijuaje? Chukua mpini wa bisibisi, gongagonga ule ukuta wa nyuma kuanzia juu hadi chini. Mahali pazima hulia mlio mkavu, mkali. Palipooza hulia kama papai bovu. Kisha inua injini nusu, shika sehemu yake ya chini, ubonyeze kwa uzito wa mwili huku mwenzako akiangalia pale bodi inapokutana na bano. Injini ya farasi 200 ina uzito wa zaidi ya kilo 200. Ukuta unaocheza kwa msukumo wa mtu mmoja hautaubeba huo mzigo kwa kasi ya maili 60 kwa saa. Hapo hata bei ya 9,000 ni kubwa.

Sakafu nayo tembea juu yake kwa kisigino. Na kama unashuku povu la kuelea lililo chini yake limelewa maji, ipeleke boti na trela yake kwenye mizani ya malori, ulinganishe na uzito ulioandikwa na kiwanda, ukikumbuka kuongeza injini, petroli na betri. Kilo 150 zisizo na maelezo ni maji.

Trela haina mengi. Sukuma gurudumu juu na chini kusikia kama beringi zinacheza, kisha soma tairi: tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 1714 ni wiki ya 17 ya mwaka 2014, hata kama kashata zake bado zinang'aa. Jua limeshazila.

Skrini za kuonyesha samaki ndizo zinazopamba tangazo, nazo ndizo zinazoshuka thamani haraka kuliko kitu kingine chochote botini. Mwuzaji anakumbuka alizinunua kwa bei gani. Wewe zihesabu kama simu ya miaka mitano. Betri zihesabu sifuri mpaka zipimwe, na ujue mota ya umeme ya volti 36 kwa kawaida inazitaka tatu, mbali na ile ya kuwashia injini.

Kuna namba mbili za kusoma kabla hujashusha boti majini. Upande wa kulia wa nyuma, unapotazama mbele, kumechongwa namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12. Nne za mwisho zikiwa H506, boti ilitengenezwa Agosti 2005 kama modeli ya 2006. Nyingine, kwa boti zisizofika futi 20, iko kwenye kibati cha uwezo, kinachotaja idadi ya juu kabisa ya farasi inayoruhusiwa. Ukikuta 150 kwenye kibati na 200 kwenye injini, usinunue kabla hujaongea na watu wa bima.

Halafu ziwani, na mwuzaji akiwemo. Hapo utaona kama inanyanyuka haraka kutoka majini, kama mizunguko ya injini kwa kasi ya mwisho inaangukia ndani ya kiwango kilichoandikwa na kiwanda, kama uzi wa maji ya kupozea unatoka mwembamba na wa nguvu pembeni ya injini bila kukatika. Mkirudi juu, fungua kizibo cha chini na uhesabu: maji ya kikombe si kitu, maji ya ndoo ni tundu mahali.

Makaratasi ya Texas nayo yanakukumbusha kwamba unanunua vitu vitatu. Boti ina hati yake, injini ina hati yake, zote kutoka idara ya mbuga na wanyamapori ya jimbo. Ya trela inatoka ofisi ya kodi ya kaunti. Linganisha namba kwenye kila hati na namba kwenye chuma, na uangalie kama kuna benki inayodai.

Tukirudi kwenye matangazo yetu mawili, hesabu huwa hivi. Kwa ile ya 9,000, tuseme silinda moja imechoka na nyuma kunalia papai: ongeza injini ya kujengwa upya, ongeza ukuta wa kukatwa na kuundwa tena, tairi, betri, na msimu mzima wa boti kukaa kwa fundi. Umeshapita 18,000 na bado unamiliki boti ya 9,000. Ile nyingine, ikiwa na oili safi, namba zinazolingana na rangi iliyofifia upande mmoja kwa jua, ningeanzia 15,000 nikiwa na risiti ya kompresheni mkononi, na nisingeitaja rangi hata kidogo.