Karafuu kwenye jino bovu: dhana na ukweli

"Daktari, jino lilishapona kwa karafuu, sijui kwa nini shavu limevimba." Maneno haya nayasikia karibu kila wiki, na yamenichosha.

Dhana: Karafuu hutuliza uvimbe, kwa hiyo huponya jino

Siku hizi wagonjwa wananionyesha utafiti kwenye simu. Ni kweli, utafiti upo. Karafuu ni tumba la ua, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni eujenoli. Maabara huchukua makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu, mara nyingi za panya, huzichokoza kwa sumu ya ukuta wa bakteria, kisha huongeza eujenoli. Seli hizo hupunguza kutoa TNF na prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe. Hilo silipingi.

Lakini pale kuna sumu tu. Hakuna bakteria hai wanaozaliana. Jino lako lina tundu, chakula kinaingia kila siku, na bakteria wamefika kwenye kiini, ile sehemu laini ya ndani yenye mishipa ya fahamu. Kuwatuliza askari wakati mwizi bado yumo ndani si tiba! Halafu kuna kipimo. Maabara hutumia kiasi kidogo mno. Mafuta safi ya chupani yana ukali unaozidi huo maelfu ya mara, na kwa ukali huo huua seli zenyewe. Ndiyo maana naona fizi zimebabuka na kuwa nyeupe.

Kilichokupa usingizi ni ganzi, kwa sababu eujenoli huzuia mishipa ya fahamu kupeleka maumivu. Hata sisi huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, lakini tundu husafishwa kwanza. Tena kuna maumivu yanayokoma kwa kuwa kiini kimekufa. Hapo maambukizi hutokea kwenye ncha ya mzizi, yakaingia mfupani kimyakimya, na jino ambalo lingezibwa mapema huishia kung'olewa.

Dhana: Karafuu huongeza kinga

Utafiti uleule unaonyesha seli za kinga zikitulizwa. Hauwezi kuwa ushahidi wa mambo yote mawili.

Dhana: Inaua mdudu wa jino

Hakuna mdudu. Kuna bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa jino.

Dhana: Ni ya asili, hata mtoto anaweza kupewa

Kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta haya vimewahi kumtia mtoto wa miaka 2 katika koma na kuumiza ini lake. Chupa ikae juu, imefungwa.

Punje moja ya karafuu unayoing'ata usiku upande unaouma, sina ugomvi nayo. Kukicha, njoo, hasa kama maumivu yameisha. Na kama shavu limevimba, kumeza kunakuwa kugumu au mdomo haufunguki vizuri, usingoje kuche: nenda hospitali usiku huohuo.